Jicho limepandikizwa, mbona halioni? Protini za kuzuia na njia ya neva ya macho

Novemba 2023 hospitali ya NYU Langone ya New York ilitangaza kwamba miezi michache nyuma madaktari wake walimpandikizia jicho zima mwanamume aliyeunguzwa na umeme. Kazi ilichukua saa 21 hivi. Jicho lilishika: damu ikazunguka ndani yake, likabaki hai. Ila halioni. Tangu siku hiyo swali limekuwa lile lile kwenye makundi ya WhatsApp na vijiweni: kama wameweza kuunganisha mishipa ya damu myembamba kiasi kile, wameshindwaje kuunganisha na ule wa kuonea?

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Mtu akikwambia jirani yake “amewekewa jicho” akaona, karibu kila mara anazungumzia konea, ule utando angavu wa mbele wenye unene wa nusu milimita hivi. Konea ni kama kioo cha dirisha: likipasuka unaweka jingine, na mwanga unaingia. Haina nyuzi zozote zinazopeleka picha ubongoni, kwa hiyo hakuna cha kuunganisha. Jicho zima ni habari nyingine kabisa.

Jicho hupeleka habari ubongoni kwa neva ya macho, kamba yenye urefu wa sentimita 5 hivi kutoka nyuma ya jicho hadi mahali neva mbili za macho zinapokutana. Ndani yake kuna nyuzi zaidi ya milioni 1. Kila uzi ni mkono wa seli moja hai. Mwili wa seli uko kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mkono wake umenyooka hadi kwenye ubongo. Fundi umeme akikuta waya umekatika anamenya ncha mbili, anasokota shaba kwa shaba, anafunga tepu, taa inawaka. Uzi wa neva ukikatwa, kipande kilichotengana na mwili wa seli hufa. Hakuna ncha ya pili ya kusokotea. Ili mtu aone, uzi lazima uote upya na kusafiri njia nzima hadi ubongoni, kisha uishie mahali pake hasa.

Basi tuulize mara ya kwanza uliipataje njia. Jibu lake linashangaza, kwa sababu sehemu kubwa ya njia hiyo haikuchorwa na vitu vinavyouita uzi uje. Imechorwa na vitu vinavyoukatalia.

Ncha inayopapasa

Mwaka 1890 Mhispania Santiago Ramón y Cajal, akichungulia kwa hadubini uti wa mgongo wa kifaranga ambaye hajaanguliwa, aliona kwamba kila uzi unaokua una ncha iliyotanuka mfano wa kiganja. Tuiite ncha ya kukua. Kiganja hicho kina vidole vyembamba vinavyochomoza, vinagusa huku na huku, vingine vinarudi, vingine vinashika. Upande ambao vidole vimeshika ndiko uzi unakoelekea. Upande ambao vidole vimekunjwa, uzi hauendi.

Kwenye ngozi ya ncha hiyo kuna vipokezi, yaani protini zinazotambua protini nyingine kama kufuli linavyotambua ufunguo wake. Protini za njiani zikishika kipokezi, ujumbe huingia ndani ya ncha, kwenye mifupa yake. Naam, ncha ina mifupa: nyuzinyuzi za protini iitwayo aktini, zinazojengwa na kubomolewa kila dakika. Ujumbe wa kuvuta huongeza ujenzi upande ulioguswa. Ujumbe wa kuzuia huamsha protini ndogo iitwayo Rho, ambayo huibana ile aktini kama misuli inavyojikaza, na vidole vya upande huo vinanywea. Ukikoleza protini ya kuzuia pande zote kwa mpigo, kiganja kizima kinasinyaa ndani ya dakika chache. Ndiyo maana protini ya kwanza ya aina hii kusafishwa kutoka kwenye ubongo wa kuku, mwaka 1993, iliitwa kolapsini, yaani kisinyazi. Leo tunaijua kama semaforini 3A.

Watu wengi wakisikia “protini ya kuzuia” hudhani ni kitu kibaya, sumu, au breki inayosimamisha ukuaji. Sivyo. Fikiria ng'ombe wanavyoingizwa joshoni. Huwezi kumwelekeza kila ng'ombe kwa maneno. Unajenga boma pana linalobanana kidogo kidogo hadi kichochoro cha ng'ombe mmoja mmoja, na uzio wa pande mbili unafanya kazi yote. Uzio haumsimamishi ng'ombe. Unamnyima pa kwenda isipokuwa mbele. Ng'oa uzio uone kama yuko atakayefika kwenye dawa.

Kutoka ndani ya jicho

Safari huanzia kwenye retina. Seli za kutoa nyuzi huzaliwa kwanza katikati, kisha kuelekea kingoni. Katika panya imeonekana kwamba kingoni kuna pete ya protini zilizobeba minyororo ya sukari, aina iitwayo proteoglikani, ambazo nyuzi hazitaki kuzikanyaga. Kadiri seli mpya zinavyozaliwa, pete hiyo husogea nje zaidi, kwa hiyo kila uzi mpya unajikuta una ukuta mgongoni na uwazi mbele. Wachunguzi walipoiharibu pete kwa kimeng'enya kinachokata ile minyororo ya sukari, nyuzi zilianza kwenda ovyo, nyingine zikielekea kingoni.

Katikati kuna tundu la kutokea. Hapo panatolewa netrini, ambayo huvuta. Panya wasio na netrini huzaliwa na neva ya macho nyembamba mno, kwa kuwa nyuzi hufika mlangoni na kushindwa kutoka. Lakini hata netrini haina tabia moja. Ikikutana na ncha iliyosimama juu ya laminini, protini ya sakafu iliyotandazwa juu ya uso wa retina, mvuto hugeuka kuwa msukumo. Mlangoni pana netrini, juu kwenye uso kuna laminini, basi uzi unasukumwa utoke juu na kuzama ndani ya tundu. Ukitaka kujua protini fulani ni ya kuvuta au ya kuzuia, uliza kwanza inasemwa na nani na inasikilizwa na nani.

Nje ya jicho kazi ya uzio hufanywa zaidi na protini ziitwazo Sliti, na kipokezi chake kwenye ncha kinaitwa Robo. (Robo hii haihusiani na robo kilo. Jina limetokana na neno la Kiingereza la kipilefti: nzi waliokosa kipokezi hiki walionekana nyuzi zao zikizunguka na kuvuka mstari wa kati wa mwili tena na tena, kama dereva mgeni aliyeshindwa kutoka kwenye kipilefti.) Sliti humwagwa na tishu zilizo mbele na kando ya mahali neva mbili zinapokutana chini ya ubongo, pembeni mwa njia yenyewe. Katikati hubaki ujia usio na Sliti, na nyuzi hupita humo.

Panya wanaozaliwa bila Sliti ya 1 tu, au ya 2 tu, hawaonyeshi kasoro kubwa. Walinzi wawili wanashika zamu moja, mmoja akikosekana mwenzake anatosha. Lakini mwaka 2002 walipochunguzwa panya waliokosa zote mbili, nyuzi nyingi zilikuwa zimevukia mbele ya mahali pake na kutengeneza makutano ya pili, kabla ya yale halisi. Nyuzi hazikuacha kukua, wala hazikupungua kasi ya kuhangaisha mtu. Zilikosa tu wa kuziambia “si hapa”.

Nani avuke, nani abaki

Kwenye makutano kila uzi unakabiliwa na uamuzi mmoja: uvuke uende upande wa pili wa ubongo, au ubaki upande wa jicho lake. Kwa binadamu zaidi kidogo ya nusu huvuka: zile za nusu ya retina iliyo upande wa pua. Za upande wa sikio hubaki. Kwa mpango huo kila upande wa ubongo hupata picha ya eneo lile lile kutoka macho yote mawili, nao hutumia tofauti ndogo za picha hizo kukadiria umbali. Uzi ukipenya kwenye tundu la sindano mara moja, shukuru makutano hayo.

Panya, ambaye macho yake yako kando, ana nyuzi 3 hadi 5 tu kati ya 100 zisizovuka. Kwa sababu ni chache na zinatoka kona moja ya retina, ya chini upande wa sikio, zimekuwa rahisi kuzifuatilia. Kwenye mstari wa kati wa makutano kuna seli zilizosimama kama safu ya nguzo, na juu ya ngozi yao imebandikwa protini iitwayo efrini-B2. Nyuzi nyingi hupita hapo bila kujali, kwa kuwa hazina kipokezi chake. Nyuzi za kona ile zina kipokezi EphB1, kilichowashwa na protini nyingine inayoitwa Zic2. Zinafika, vidole vyao vinagusa efrini, vinakunja, ncha inasita, kisha inageukia upande ilikotoka. Ukiondoa EphB1, nyingi huvuka. Ukiipandikiza EphB1 kwenye seli ambazo kwa kawaida huvuka, baadhi ya nyuzi zake hugeuka.

Kuna jambo moja hapa lenye kufurahisha. Efrini haielei majini kama Sliti. Imefungwa kwenye ngozi ya seli, na ikishika kipokezi chake vinang'ang'aniana kama gundi. Sasa gundi inafukuzaje? Seli hutumia vimeng'enya kukata ule mshiko, au humeza kipande cha mshiko ndani, ndipo ncha inapopata nafasi ya kurudi nyuma. Kwanza mkono unashikwa, kisha mshiko unakatwa.

Anayetaka kuona mfumo huu ukibadilika kwa mnyama mmoja amtazame chura. Kiluwiluwi ana macho ya kando, na nyuzi zake zote huvuka. Anapogeuka chura macho husogea mbele, na ndipo kundi la nyuzi mpya huanza kubaki upande wake. Kwa chura wa Afrika mwenye makucha, yule anayefugwa kwenye maabara nyingi duniani, efrini-B hutokea kwenye makutano wakati huo huo wa mageuzi, kwa amri ya homoni ya tezi ya shingo. Samaki na kuku hawana efrini hiyo kwenye makutano yao, na nyuzi zao zote huvuka.

Kila uzi na kiti chake

Kuvuka hakutoshi. Uzi unaotoka kona ya juu ya retina lazima uketi jirani na wenzake wa kona hiyo, la sivyo picha inakuwa kama kanga iliyokatwa vipande na kushonwa upya gizani. Kwamba viti vina namba, Roger Sperry alilionyesha miaka ya 1940. Neva ya macho ya chura ikikatwa huota tena. Sperry aliikata, akaligeuza jicho juu chini kwa digrii 180, akasubiri. Chura akaona tena, lakini nzi akipita juu yeye anarusha ulimi chini. Hakujirekebisha hata siku moja. Nyuzi zilikuwa zimerudi kwenye viti vyake vya zamani bila kujali jicho sasa linaangalia wapi. Mwaka 1963 Sperry aliandika kwamba lazima viti viwe na alama za kikemikali.

Alama zenyewe ziliwindwa kwa miaka mingi. Huko Tübingen, Ujerumani, kundi la Friedrich Bonhoeffer lilibuni mwaka 1987 jaribio ambalo mpaka leo ni tamu kulitazama. Walisaga ubongo wa kati wa kifaranga, wakatandaza utando wa seli zake kama zulia la mistari: mstari kutoka sehemu ya mbele, mstari kutoka sehemu ya nyuma, kila mmoja mwembamba kama unywele. Nyuzi za upande wa pua zilitambaa popote. Nyuzi za upande wa sikio zilikanyaga mistari ya mbele tu, zimenyooka kama matuta ya viazi. Wengi wangedhani mistari ya mbele ndiyo inayovuta. Wakaipika mistari ya nyuma kwa joto ili protini ziharibike, na uchaguzi ukatoweka. Kumbe ya nyuma ilikuwa inafukuza. Mwaka 1995 wafukuzaji wakatambuliwa: leo wanaitwa efrini-A2 na efrini-A5.

Efrini hizi ni haba sehemu ya mbele ya ubongo wa kati, kituo cha nyuzi hizo, na huzidi kadiri unavyoelekea nyuma. Vipokezi vyake, EphA, ni vingi kwenye nyuzi za upande wa sikio na vichache kwenye za upande wa pua. Linganisha na jikoni panapokaangwa pilipili. Mwenye kifua chepesi ataishia getini anakohoa. Mwenye kifua cha wastani atafika kibarazani. Mpishi anasimama juu ya kikaango. Moshi ni mmoja. Kinachompanga kila mtu ni jinsi unavyomwasha.

Tena kinachohesabiwa si ukali wenyewe, ni nani anawashwa kuliko nani. Mwaka 2000 watafiti waliongeza EphA3 kwenye takriban nusu ya seli za retina za panya, zikiwa zimechanganyika na zile ambazo hazikuongezewa. Matokeo yakawa ramani mbili kwenye kituo kimoja: zilizoongezewa zilijibana mbele, na zile za kawaida, ambazo hakuna aliyezigusa, zikasukumwa nyuma ya viti vyao vya asili. Ingekuwa kila uzi unatafuta kiwango maalumu cha efrini, za kawaida zisingehama.

Baada ya upangaji huo mkubwa, umeme wa seli zenyewe hupiga msasa, na ziada huondolewa. Mimba ya binadamu ikiwa na wiki 16 hadi 17, kila neva ya macho ina nyuzi milioni 3.7 hivi. Karibu theluthi mbili hufa kabla mtoto hajazaliwa.

Ualbino na nyuzi zilizovuka

Hapa kwetu kuna kundi kubwa la watu ambao makutano yao yamepangwa tofauti, na wachache wameelezwa hivyo. Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya 1,400. Rangi inayokosekana kwenye ngozi inakosekana pia kwenye tabaka lililo nyuma ya retina, na tabaka hilo huathiri ratiba ya kuzaliwa kwa seli za jirani. Seli zenye kibali cha kubaki upande wake zinakuwa chache, nyuzi nyingi kuliko kawaida zinavuka. Daktari anaweza kulibaini kwa kubandika vipimo vya umeme kisogoni na kuonyesha jicho moja moja mwanga: upande wa pili wa kichwa hujibu kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Ndiyo sababu mtoto mwenye ualbino akipewa miwani sahihi bado hasomi ubao kutoka nyuma. Miwani hurekebisha mwanga unavyokunjwa. Haiwezi kuhamisha nyuzi, wala kukomaza fovea, kile kidoa cha uoni mkali ambacho kwake hakikukamilika. Macho yake yanayochezacheza si ukaidi wala laana. Akisogeza kitabu puani mwache: hajiharibu, anajikuzia herufi. Mketishe mbele, mbali na mng'aro wa dirisha, mpe maandishi makubwa, kofia na miwani ya kivuli.

Turudi New York

Sasa jicho lile. Uzi mpya unaotaka kutoka humo unakuta nini? Umbali, kwanza. Kwenye mimba safari ilikuwa ya milimita chache. Sasa ni sentimita. Pili, vibao vingi vya njiani vimeshang'olewa au vimebaki hafifu. Tatu, kuna uzio mpya uliowekwa baada ya ujenzi kwisha: mafuta yanayovikwa nyuzi zilizokomaa yana protini kama Nogo, iliyofuatiliwa kwa miaka mingi na Martin Schwab huko Zürich, na kovu la jeraha hujaa zile proteoglikani tulizozikuta kwenye pete ya retina. Mjini ambako nyumba zimeshajengwa, hakuna anayetaka mtu aanze kuchimba msingi barabarani. Nne, seli zenyewe za retina hufa nyuzi zake zikikatwa; kwa panya nyingi huondoka ndani ya wiki mbili.

Ndiyo maana pia dawa ya matone ya presha ya macho, yaani glakoma, hairudishi eneo la uoni lililokwisha potea. Inalinda nyuzi zilizobaki. Mtu akiacha matone kwa kuwa “hayaniongezei kuona” ameielewa vibaya kazi yake, na nyuzi atakazopoteza hazitaota tena.

Je, ukiondoa vizuizi vyote, si nyuzi zitapita? Mwaka 2008 watafiti walizima jeni iitwayo PTEN kwenye seli za retina za panya, jeni inayofunga breki ya ukuaji ndani ya seli yenyewe, na nyuzi zilizopondwa ziliota upya kwa wingi kuliko ilivyowahi kuonekana. Lakini nyuzi zilizoamshwa kwa njia za namna hii zilipofuatiliwa hadi kwenye makutano, nyingi zilipotea: nyingine zikageuka, nyingine zikaingia neva ya jicho la pili na kuanza kupanda kuelekea huko.